Sakitu ya Julai

Saa nne na dakika kumi usiku,
kwenye kundi la wakulima wa viazi, Matamba,
watu mia moja na arobaini na wawili,
Eliuta Chaula aliandika kuhusu Enelisa.
Sitayarudia. Yalianza na pesa za mbolea,
yakashuka chini ya pesa,
yakaingia nyumba ya mjane bila hodi.

Kundi nililifungua mimi.
Ufunguo nilikuwa nao mimi.
Nililala chali, blanketi mbili, simu usoni,
nikatazama watu wanavyoamka.

Mmoja akaweka kikatuni cha mtu anayetafuna bisi.
Mmoja akaweka Zaburi nzima.
Obedi Tweve akasema "jamani", akaishia hapo,
jamani tupu, kama ndoo iliyosahaulika bombani.
Kijana wa pembejeo akauliza nani anataka dawa ya ukungu,
bei ya zamani.
Mwalimu Swallo akasahihisha tusi,
naapa, alisahihisha:
dhuluma huanza na dh, si z.
Wawili wakatoka bila kuaga.
Waliobaki walisoma tu. Najua,
maana asubuhi hakuna aliyeniuliza kuna nini.

Na juu ya kioo: Enelisa anaandika.
Ikapotea.
Enelisa anaandika.
Ikapotea.

Huku kwetu mvua ya mawe ikipiga
kila mtu hutoka, hupiga yowe, huhesabu matundu ya bati.
Sakitu haina yowe.
Hushuka usiku mtulivu, anga safi, nyota zote zipo,
na kukipambazuka shamba ni jeupe, linapendeza,
watoto wanaandika majina yao kwa vidole.
Jua likipanda ndipo majani yanakuwa meusi
kama yaliyomwagiwa maji ya moto.

Eliuta alikuwa mawe.
Sisi tulikuwa ule usiku mtulivu.

Asubuhi wakanijia faragha, mmoja mmoja.
Mtoe huyo.
Usimtoe, ni shemeji yangu.
Mimi huwa sipendi maneno, dada, nisamehe.
Hivi zile pesa, ukweli ni upi?
Huyu wa mwisho nilimchukia,
kwa sababu hata mimi, usiku, kwa dakika moja,
nilikuwa nimejiuliza.

Na risiti zilikuwa kabatini kwangu.
Enelisa alizileta Jumanne, akahesabu mbele yangu,
nikatia sahihi, kalamu ya bluu,
tukanywa chai.

Eliuta nilimtoa saa tatu. Kidole kimoja.
Saa nne nikamkuta dukani, ananunua kiberiti,
akanisalimu kama juzi, nikaitikia kama juzi.
Matamba yenyewe haina kitufe.

Nikapanda hadi kwa Enelisa.
Alikuwa ameinama bondeni, anageuza majani yaliyoungua.
Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza, "Wewe ulisoma saa ngapi?"
Nikasema nilikuwa nimelala.
Akatikisa kichwa taratibu, akasogea tuta jingine.

Usiku nikapiga picha risiti, zote kumi na moja,
nikaziweka kundini.
Chini yake nikaandika: Nilisoma saa nne na dakika kumi na moja.
Sikuongeza kitu. Kila nilichoongeza nilikifuta.

Nikabonyeza kuona walioona:
majina yanajipanga, yanajipanga,
foleni ya mbolea ya ruzuku, na hakuna anayetaka dirisha.
Kisha Obedi: Mimi na kumi na mbili.
Kisha mke wa mchungaji: Na kumi na tatu. Nilicheka.
Kisha namba isiyo na jina: na ishirini.
Kisha kimya kirefu, mbwa, upepo wa Kitulo kwenye bati.
Kijana wa pembejeo bado ana ile dawa.

Enelisa ameona.
Anaandika.
Ikapotea.
Nimeiweka simu kifuani, mwanga juu,
nami bado nangoja.